Bastola Inagonga, Risasi Hailii: Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii nyingi zimeelekea upande mmoja: kifyatulio kinavutwa, pini inagonga "tik", risasi hailii. Haitokei kila mara. Ni moja leo, moja wiki ijayo, na ndiyo maana mwenye bastola anachelewa kuichukulia kwa uzito. Tumechagua barua tano.

Kwanza usalama, maana unazihusu zote. Ukisikia "tik" ukiwa kwenye mazoezi, usikimbilie kuvuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele. Acha mtutu ukiangalia tuta la shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe risasi hiyo. Ipo risasi inayochelewa kuwaka, na ikiwakia nje ya chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, ganda hupasuka na vipande vyake hupaa. Na ukisikia "puf" hafifu badala ya mlio wa kawaida, simama kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na ukifyatua nyingine juu yake mtutu unaweza kupasuka.

*

Habari zenu mafundi. Nina Glock 19 iliyokuwa ya mtu mwingine kabla yangu. Kati ya risasi 25 hivi, moja hugoma. Nikiirudisha ile ile kwenye chemba, mara nyingi inalia. Nimeshauriwa niweke springi ya pini yenye nguvu zaidi. Ninunue? (Msomaji, Kiambu)

Usinunue chochote bado, ndugu. Ushahidi unao mkononi tayari, ni zile risasi zilizogoma. Mara nyingine ikitokea, usiirudishe kwenye chemba. Iweke kando, uandike ni ya ngapi na imetoka magazini gani.

Katikati ya kitako cha risasi kuna fataki, kile kidonge cha chuma chenye kipenyo cha milimita 4.45. Ndani yake kuna mchanganyiko unaowaka ukibanwa, na nyuma ya mchanganyiko kuna fuawe ndogo. Pini inakibonyeza kikombe cha fataki, mchanganyiko unabanwa kati ya kikombe na fuawe, cheche inaingia kwenye baruti. Pini ikifika ikiwa imechoka, au fataki ikirudi nyuma badala ya kubanwa, hakuna cheche.

Sasa imulike fataki iliyogoma kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, ili kivuli kionyeshe kina cha shimo. Glock huacha alama ndefu kama punje ya mchele, si duara. Usiipime kwa kuilinganisha na ganda lililolia, kwa sababu risasi ikilia mgandamizo huikandamiza fataki kwenye pini na alama huonekana kali kuliko ilivyopigwa. Linganisha risasi zilizogoma zenyewe kwa zenyewe. Alama ya katikati lakini ya juujuu inasema pini imepoteza nguvu njiani. Alama ya juujuu iliyokwenda juu au chini ya katikati inaelekeza kwenye slaidi ambayo haikufunga sawasawa. Alama yenye kina kizuri, lakini risasi haikulia, ni kesi ya risasi wala si ya bastola.

Kwa maelezo yako, kama risasi ni za kiwandani na zinalia kwa pigo la pili, mshukiwa wa kwanza ni njia ya pini. Ndani ya slaidi, pini na springi yake husafiri kwenye tundu refu jembamba. Glock hutaka tundu hilo liwe kavu kabisa. Mtu anayeipenda bastola yake huimiminia mafuta, mafuta hunasa masizi na vumbi la shaba linalokwanguliwa kwenye maganda, na baada ya miezi inabaki tope nyeusi nzito kama grisi. Pini inapita humo kama mtu anayekimbia kwenye matope. Asubuhi ya baridi tope huwa zito zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya tatizo kuja na kuondoka.

Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba kwa macho kisha kwa kidole, na risasi zote ziwe chumba kingine. Vua slaidi kama unavyofanya ukisafisha kawaida. Upande wa nyuma utaona bomba la plastiki linaloizunguka pini. Lisukume kuelekea mbele ya slaidi kwa panchi (kifimbo cha chuma cha kusukumia) ya milimita 2.5, huku ukikisogeza chini kile kifuniko cha nyuma. Weka kidole gumba juu ya kifuniko kinapotoka, kwa sababu springi mbili zilizo nyuma yake zina hamu ya kuruka. Itatoka pini na springi yake, na kando yake kifimbo kinachoisukuma ndoano ya kutolea ganda.

Pitisha kijiti cha pamba chenye dawa ya kusafishia bunduki ndani ya tundu, kisha kingine, mpaka kitoke cheupe. Maliza kwa vijiti vikavu. Usichokonoe kwa chuma, maana ndani kuna bomba jembamba la plastiki ambalo halipaswi kuchubuliwa wala kutolewa bila sababu. Futa pini yenyewe na uangalie ncha yake: iwe laini, isiwe imemeguka. Mwisho wa springi kuna vikombe viwili vidogo vya plastiki vinavyokumbatia pini. Hivyo ndivyo vinavyosahauliwa kuliko vyote. Kimoja kikipasuka, springi hukaa upande na pini husuguana na ukuta. Rudisha vyote vikiwa vikavu, bila tone la mafuta.

Ukiishafunga, hakikisha mambo mawili ukiwa na slaidi peke yake mkononi. Chini ya slaidi kuna kitufe cha duara, ndicho kizuizi cha pini. Bila kukibonyeza, isukume pini mbele kwa kutumia sikio lake lililo upande wa chini nyuma: isipite. Kibonyeze kitufe, isukume tena: itembee kwa ulaini, na ncha ichomoze mbele pale kitako cha risasi kinapokaa. Ikipita bila kubonyezwa, usiirudishe bastola kwenye kazi. Mpelekee fundi siku hiyo hiyo.

Kuna jaribio la penseli linalosaidia kulinganisha kabla na baada ya kusafisha. Bastola ikiwa tupu, imekaguliwa mara ya pili na mara ya tatu, ielekeze juu mahali salama, dumbukiza penseli mtutuni upande wa raba ukitangulia, kisha vuta kifyatulio. Pini ikiwa hai, penseli huruka ikatoka nje. Ikitikisika tu na kubaki ndani, njia ya pini bado imebanwa au springi imekufa.

Baada ya hapo ndipo uigeukie springi kubwa iliyo chini ya mtutu, inayorudisha slaidi mbele. Bastola tupu, mtutu juu kwa pembe ya nyuzi 45, vuta kifyatulio ukishikilie nyuma, vuta slaidi mpaka mwisho kisha irudishe polepole kwa mkono. Lazima ijifunge yenyewe mpaka mwisho. Ikibaki nyuma hata milimita moja, springi imechoka, na watumiaji wengi huibadilisha kila risasi 3,000 hadi 5,000. Slaidi iliyobaki nyuma kidogo huiba nguvu ya pini, kwa sababu sehemu ya pigo inaishia kuisukuma slaidi ifunge, na fataki inapata mabaki.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa ushauri uliopewa. Kwenye Glock, springi ya pini na springi ya slaidi zinavutana kila slaidi inapofunga. Ukiweka ya pini yenye nguvu zaidi huku ile nyingine imechoka, slaidi itazidi kubaki nyuma na utakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Springi ya kiwandani ni ya pauni 5.5, na inatosha kwa risasi yoyote nzuri ya milimita 9. Linalowezekana zaidi kwa bastola iliyopita mikononi mwa mwingine ni kinyume chake, yaani aliyetangulia aliweka springi ya pauni 4 ili kifyatulio kiwe chepesi. Fundi aiangalie, na kama si ya kiwandani, irudishwe ya kiwandani.

Kusafisha ni kazi yako. Kubadilisha sehemu ni ya fundi wa duka lililosajiliwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ukimpelekea, mpe na zile risasi zilizogoma zikiwa na maandishi yako. Zitamwambia mengi kuliko maelezo ya mdomo.

Na usitangaze ushindi mapema. Bastola inayogoma mara 1 kwa 25 inaweza kupitisha risasi 50 bila kugoma kwa bahati tu, takribani mara 1 kati ya 8, hata kama hujatengeneza chochote. Kwa risasi 100 bahati hiyo inashuka hadi karibu 1 kati ya 60. Kwa hiyo jaribio la kweli ni risasi 100, za aina ile ile unayoibeba. Tunajua bei yake, lakini bastola ya kujilinda isiyojaribiwa ni mzigo kiunoni.

*

Shikamooni. CZ 75 B yangu ilipunguziwa uzito wa kifyatulio. Siku hizi risasi ya kwanza ndiyo inayogoma. Nikiirudisha nyundo nyuma kwa kidole, inalia, na zinazofuata zote zinalia. (Msomaji, Dar es Salaam)

Marahaba. Barua yako ni fupi lakini imejaa dalili. Kwenye CZ 75 risasi ya kwanza hupigwa kwa mvuto mrefu: kifyatulio chenyewe kinairudisha nyundo nyuma na kuiachia. Kinaiachia mapema kidogo kuliko pale nyundo inapokuwa imekokwa kabisa. Safari ya nyundo ni fupi zaidi, springi imebanwa kidogo zaidi, pigo ni jepesi zaidi. Risasi zinazofuata hupigwa kutoka nyuma kabisa kwa sababu slaidi inaikoki nyundo. Bastola inayogoma kwenye risasi ya kwanza tu na kulia kwa zote zilizobaki inakuambia kwamba nguvu ya nyundo iko ukingoni.

Kupunguza uzito wa kifyatulio kwa kawaida maana yake ni kubadilisha springi ya nyundo. Za kuuzwa zipo za pauni 15, 13 hata 11.5. Watu wa mashindano hutumia ya 13 wakiwa na pini ndefu zaidi na risasi zenye fataki laini, za kampuni ya Federal zikiwa ndizo zinazojulikana zaidi kwa ulaini. Ukiichukua bastola hiyo hiyo ukailisha risasi za mtindo wa kijeshi, zenye fataki ngumu iliyokazwa ukingoni na kupakwa lakiri, hapo ndipo zinapogoma. Mtu wa mashindano akigomewa anapoteza sekunde mbili. Kama unaibeba kwa ajili ya nyumba yako, rudisha springi ya kiwandani na ukubali kuvuta kwa nguvu zaidi. Hatuoni njia ya katikati hapa.

Kabla ya kulipa, kuna kitu kimoja kwenye CZ 75 B kinachostahili kuangaliwa kwa karibu. Pini ya kugonga haitoki kwa sababu imezuiwa na kipini kidogo cha bomba kilichopasuliwa ubavuni, kinachopita slaidi kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukifanya mazoezi ya kufyatua bila risasi, pini inaruka mbele na, kwa kuwa hakuna fataki ya kuisimamisha, bega lake linagonga kipini hicho. Kikigongwa mara mamia kinabonyea katikati, kisha kinapasuka, na vipande vyake vinaikwaruza pini kila inapopita. Matokeo yake ni pigo hafifu linalokuja na kwenda. Mulika kwa tochi: kama kipini kimejikunja, au mwisho wake mmoja umeingia ndani kuliko mwingine, kinahitaji kubadilishwa. Ni kitu cha bei ndogo sana. Kuanzia hapo tumia risasi za bandia za mazoezi kila unapofyatua kavu.

Kwa upande wa Tanzania, kazi ya kubadilisha sehemu mpelekee fundi mwenye kibali kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na umwombe akurudishie springi ya zamani kama bado anayo.

*

Risasi zangu zimekaa kwenye magazini na kwenye mkoba wa ngozi kwa miaka minne. Mbili kati ya kumi hazikulia, ingawa pini imechimba vizuri kabisa. Bastola ni mbovu? (Msomaji, Mombasa)

Bastola ni nzima. Fataki imepigwa vya kutosha na bado haikuwaka, basi fataki ndiyo iliyokufa. Pwani inaua risasi kwa njia mbili. Unyevu wenye chumvi hula shaba, na ngozi ya mkoba hunyonya jasho na kulishikilia. Angalia maganda: rangi ya kijani iliyoganda kama unga ndiyo kutu ya shaba. Njia ya pili ni mafuta. Bastola iliyopuliziwa mafuta ya kulegeza nati hupitisha mafuta hayo polepole kwenye ukingo wa fataki mpaka yalowanishe mchanganyiko. Risasi za raia nyingi hazina lakiri ya kuziba ukingo huo.

Risasi za magazini hilo zote ziondoke kazini. Usizifute na kuzirudisha, usizivunje ili kuokoa baruti, usizichome, usizitupe jalalani. Zirudishe kwa aliyekuuzia au kituo cha polisi na upewe karatasi, kwa sababu idadi ya risasi zako iko kwenye kumbukumbu. Mpya zihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na zile za kubeba zibadilishe kila mwaka kwa kuzitumia kwenye mazoezi.

*

Ninajaza risasi zangu mwenyewe, 9 mm, yaani natia fataki, baruti na kichwa kwenye maganda yaliyotumika. Tano kwa mia hugoma pigo la kwanza na kulia pigo la pili. Za dukani hazigomi kamwe. (Msomaji, Columbus, Ohio)

Umeshajijibu nusu: za dukani hazigomi, basi bastola iache. Fataki zako zinabaki juu. Fataki ikiwa haijafika chini ya kitundu chake, miguu ya fuawe inaning'inia. Pigo la kwanza linatumika kuisukuma ndani, na la pili ndilo linaloiwasha.

Pitisha ncha ya kidole juu ya kila kitako baada ya kujaza. Fataki iwe chini ya uso wa kitako kwa kiasi cha milimita 0.08 hadi 0.13, kiasi ambacho kidole kinakihisi kama kibonde kidogo. Ukihisi kimgongo, risasi hiyo haiendi kwenye bastola. Sababu kubwa ni masizi yaliyobaki ndani ya kitundu, au maganda ya kijeshi ambayo ukingo wake uliokazwa haukuondolewa, au mkono wa mashine usiosukumwa mpaka mwisho pale mtu anapoharakisha. Risasi iliyokwisha kujazwa usijaribu kuishindilia fataki yake zaidi. Toa kichwa kwa nyundo ya kutolea vichwa, mwaga baruti, uanze upya.

Hapo hapo pima urefu wa risasi nzima kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili. 9 mm isizidi milimita 29.69, na aina fulani za vichwa vinene huhitaji kuwa fupi zaidi ya hapo. Toa mtutu kwenye bastola, dondosha risasi ndani ya chemba: itue kwa sauti ya "tak", izunguke kwa kidole bila kukwaruza, na ukiupindua mtutu itoke yenyewe. Isipofanya hivyo slaidi yako haifungi vizuri, na hilo nalo huzaa pigo hafifu.

*

Kila usiku naitoa risasi ya chemba, asubuhi nairudisha ile ile. Kuna madhara? (Msomaji, Nakuru)

Yapo. Kila slaidi inapoirusha risasi kwenye chemba, kichwa chake kinagonga njia ya kupandia na kinaweza kusukumwa ndani ya ganda. Ganda la 9 mm ni dogo, na kichwa kikiingia kidogo tu mgandamizo hupanda sana. Mitikiso ya namna hiyo mara kwa mara inaweza pia kuumegua mchanganyiko ndani ya fataki, nawe ukapata "tik" kutoka kwa risasi inayoonekana mpya kwa nje.

Punguza kuitoa. Kama una kasha la chuma linalofungwa, bastola iingie humo ikiwa ndani ya ala yake, bila kuguswa. Ikilazimika kuitoa, tia alama ya kalamu kwenye kitako kila unapoirudisha, na usirudie risasi moja zaidi ya mara mbili au tatu. Ilinganishe kwa kalipa na nyingine ya boksi lile lile ambayo haijawahi kuingia chemba. Ikiwa fupi kwa robo ya milimita, iweke kando na zile za kurudisha dukani.